Je, wajua kwa nini doksisaiklini humezwa ukiwa wima, tena kwa glasi nzima ya maji?

Doksisaiklini si dawa ngeni. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1967, na mpaka leo madaktari huiandika kwa klamidia (ugonjwa wa zinaa), nimonia, brusela (ugonjwa unaotoka kwa mifugo), homa zinazoletwa na kupe, chunusi sugu, na hata kwa msafiri anayetaka kujikinga na malaria. Anayepewa dawa hii huondoka na masharti mengi kuliko aliyepewa antibayotiki nyingine. Kunywa maji mengi. Usilale. Usichanganye na dawa ya kiungulia. Jihadhari na jua. Mjamzito asitumie. Yote hayo husomwa harakaharaka dirishani, na sharti lisilo na sababu husahaulika kabla dozi haijafika nusu. Sababu zipo, na nyingi zinatokana na tabia mbili za dawa yenyewe: ikiyeyuka huwa na asidi kali, na ikikutana na madini huyang'ang'ania.

Tuanze na asidi. Ganda la kapsuli ni jelatini, na jelatini ikipata unyevu kidogo hugeuka gundi. Lowesha ncha ya kidole, gusa kapsuli, subiri sekunde chache, kisha inua kidole: kapsuli itapanda nacho. Ndivyo inavyonata ndani ya umio, ule mrija unaoshusha chakula kutoka kooni hadi tumboni, ikimezwa kwa mate au kwa funda moja la maji. Hupenda kukwama katikati ya kifua, pale ambapo mshipa mkuu wa damu utokao moyoni unapita na kuuminya umio kidogo. Ganda huyeyukia hapohapo. Doksisaiklini ya hidrokloridi, ambayo ndiyo iliyomo kwenye kapsuli nyingi, ikiyeyuka hufanya majimaji yenye pH ya kati ya 2 na 3, karibu sawa na maji ya limau. Tumbo lina ute mzito wa kujikinga na ukali huo, umio hauna. Kinachofuata ni kidonda.

Maumivu yake huja saa chache baadaye au kesho yake, nyuma ya mfupa wa kifua, na hata kumeza mate kunachoma. Wengine hudhani ni moyo, wengine vidonda vya tumbo, na wachache sana hukumbuka kapsuli waliyoimeza wakiwa wamejiegemeza kitandani. Hapo ndipo kosa kubwa lilipo: ukiandikiwa kutwa mara mbili, ni rahisi kuifanya dozi ya pili kuwa jambo la mwisho kabla ya kuzima taa. Mtu akilala, uzito wa maji hausaidii tena kushusha kitu, na mate pia hupungua.

Kwa hiyo keti au simama. Kunywa kwanza funda moja au mawili ya maji matupu ili umio ulowe. Kisha meza dawa kwa glasi nzima, mililita 200 au zaidi, na ubaki wima nusu saa kwa uchache. Saa nzima ni bora. Dozi ya jioni iende na chakula cha jioni, si na shuka. Chakula cha kawaida hupunguza pia kichefuchefu, ambacho ndicho huwafanya wengi waikatize dawa. Mgonjwa asiyeweza kuketi aombewe dawa ya maji au kidonge cha kuyeyusha. Na kama kifua kimeshaanza kuuma unapomeza, usiongeze kapsuli nyingine juu ya kidonda: wasiliana na aliyekuandikia upate dawa mbadala. Kidonda hicho kwa kawaida hupona chenyewe, kwa siku kadhaa hadi wiki chache, kikiachwa kipumue.

Sasa madini. Doksisaiklini ni ya ukoo wa tetrasaiklini. Wa kwanza katika ukoo huo alitangazwa mwaka 1948, baada ya mtaalamu wa mimea Benjamin Duggar kuipata dawa hiyo kutoka kwa kijidudu cha udongoni chenye rangi ya dhahabu. Jina la ukoo linatokana na pete nne za kikemia zilizoshikamana, na kwenye ubavu mmoja wa pete hizo kuna atomu za oksijeni zilizokaa kama koleo. Koleo hilo hukamata kalsiamu, magnesiamu, alumini, chuma na zinki. Dawa iliyokamatana na madini haipenyi vizuri ukuta wa utumbo. Hutoka na choo. Umemeza miligramu 100, lakini kilichoingia kwenye damu ni pungufu, na bakteria hawajui kwamba ulikuwa na nia njema.

Hapa maziwa hulaumiwa kupita kiasi. Kwa tetrasaiklini ya zamani, maziwa yanaweza kupunguza dawa inayoingia mwilini kwa nusu au zaidi. Kwa doksisaiklini upungufu ni kama sehemu moja kati ya tano. Ndiyo maana baadhi ya karatasi za maelezo humruhusu mwenye kichefuchefu kuimeza na chakula au hata maziwa, na nyingine humkataza. Zote mbili zina hoja. Njia rahisi ni kula chakula cha kawaida na kuyaacha maziwa, mtindi na jibini kwa saa nyingine.

Maadui wakubwa ni wengine: vidonge vya kuongeza damu vyenye chuma, dawa za kiungulia zenye alumini, magnesiamu au kalsiamu, vidonge vya zinki, na multivitamini, ambayo huwa na madini kadhaa kwa pamoja. Hivyo vitenganishwe na doksisaiklini kwa saa 2 au 3 kwa uchache, kabla na baada. Ukimeza doksisaiklini saa 1 asubuhi na saa 1 jioni, kidonge cha chuma kikae saa 6 au saa 7 mchana. Chuma kina ujanja wa ziada: doksisaiklini iliyokwisha kuingia kwenye damu hurudi tena utumboni, na huko chuma huikamata na kuitoa nje mapema. Kama upungufu wako wa damu si wa dharura, muulize daktari iwapo vidonge vya chuma vinaweza kusubiri hadi dozi iishe.

Koleo hilohilo ndilo linaloharibu meno ya watoto. Jino linapojengwa hupokea kalsiamu kwa wingi, na tetrasaiklini huingia nayo na kubaki humo daima, kwanza kama rangi ya manjano, baadaye kahawia. Kipindi cha hatari huanza katikati ya ujauzito hadi mtoto afikishe miaka 8 hivi. Doksisaiklini hushika kalsiamu kwa nguvu ndogo kuliko ndugu zake, kwa hiyo katika magonjwa yanayoua haraka, kama baadhi ya homa za kupe, madaktari humpa mtoto wa umri wowote kwa siku chache. Uamuzi huo ni wa daktari, si wa mzazi mwenye kapsuli zilizobaki.

Jua nalo lina kisa chake. Dawa iliyosambaa kwenye ngozi hufyonza miale ya urujuanimno, hasa ile inayopenya kioo cha dirisha, kisha huachilia chembe za oksijeni zinazounguza seli. Mtu huungua kwa muda mfupi ambao kawaida usingemdhuru, na mara nyingine kucha huachana na nyama yake. Mikono mirefu, kofia pana na losheni ya kukinga jua inayozuia miale ya aina zote mbili vinatosha kwa wengi.

Je, ndani ya bakteria inafanya nini? Huenda kwenye ribosomu, kiwanda cha kutengenezea protini, na kuziba mlango wa kuingizia malighafi. Bakteria hafi papo hapo. Hushindwa kukua na kuzaana, na kinga ya mwili ndiyo inayommaliza. Virusi havina ribosomu zake, ndiyo maana mafua hayasikii doksisaiklini hata ukimeza pakiti nzima. Kimelea cha malaria si bakteria, lakini ndani yake kina kiungo kidogo chenye asili ya bakteria, chenye ribosomu za aina hiyo. Dawa hukidhoofisha polepole, na kizazi kinachofuata cha vimelea ndicho hushindwa kuendelea. Kwa kasi hiyo haifai kutibu malaria ikiwa peke yake. Kwa kinga, mtu mzima humeza miligramu 100 kila siku, kuanzia siku 1 au 2 kabla ya safari hadi wiki 4 baada ya kutoka eneo lenye malaria, na wapo wanaougua kwa kuiacha siku waliyorudi nyumbani.

Kwa kuwa dawa inamzuia tu bakteria, nafuu ya siku ya tatu haimaanishi vita vimekwisha. Klamidia kwa kawaida hutibiwa kwa miligramu 100 mara mbili kwa siku, siku 7. Brusela huhitaji wiki 6, tena pamoja na antibayotiki nyingine. Ukikatiza njiani, bakteria waliosalia huanza upya. Na kila unapoitumia bila haja, unawapa nafasi wale wenye usugu: wapo wenye pampu za kuitupa dawa nje, wapo wenye protini ya kuibandua kwenye ribosomu, na maelekezo ya kutengeneza silaha hizo hurithishwa hata kwa bakteria wa jamii nyingine.

Ukisahau dozi, usibabaike. Huchukua saa 16 hadi 22 kwa dawa iliyo kwenye damu kupungua hadi nusu. Meza mara unapokumbuka. Ikiwa dozi ijayo imekaribia, iache iliyopita. Usimeze mbili kwa mpigo.

Kabla ya kuanza, mtajie mfamasia kama unatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa kuwa damu inaweza kuwa nyepesi kupita kiasi. Mtajie pia rifampisini, dawa ya kifua kikuu, au dawa za kifafa kama fenitoini na kabamazepini, ambazo huifanya doksisaiklini iishe mapema. Au isotretinoini ya chunusi, kwa sababu zikiwa pamoja zinaweza kuongeza shinikizo ndani ya fuvu. Kichwa kikikuuma sana huku macho yakiona ukungu, uso ukivimba, upele wenye malengelenge ukitokea, au ukiharisha damu au maji mfululizo, hata wiki kadhaa baada ya dozi kuisha, nenda hospitali. Utando mweupe mdomoni au muwasho ukeni ni fangasi waliopata nafasi. Unasumbua, lakini unatibika.

Zilizobaki droo­ni je? Mwaka 1963 madaktari walieleza kuhusu wagonjwa ambao figo zao zilianza kupoteza sukari, chumvi na protini baada ya kumeza tetrasaiklini iliyoharibika kwa kukaa. Vidonge vya siku hizi vimeboreshwa, lakini joto na unyevu bado huiharibu dawa, na jicho haliwezi kukuambia imefikia wapi. Iache kwenye pakiti yake, mahali pakavu na penye kivuli, na iliyopita tarehe irudishe duka la dawa. Isitoshe, kapsuli sita za miligramu 100 zilizosalia hazitoshi hata klamidia, inayohitaji kumi na nne.