Kingamwili dhidi ya bakteria wa nimonia: kushika ni jambo moja, kuua ni jingine

Watu wengi husema kwamba kingamwili huua bakteria, na maelezo mengi huishia hapo. Kwangu mimi, ninayefanya kazi katika maabara ya elimu ya kinga, usemi huo unaficha sehemu muhimu zaidi ya habari, kwa sababu kingamwili ni protini ambayo kazi yake kubwa ni kushika tu, na kinachofuata baada ya hapo hutegemea imeshika nini na nani yuko karibu kuitikia. Nitalieleza jambo hili kupitia bakteria mmoja, nimokokasi, ambaye husababisha nimonia kali kwa watoto na pia homa ya uti wa mgongo.

Nimokokasi hujivika ganda la sukari zilizoungana katika minyororo mirefu. Akivuliwa ganda hilo, chembe nyeupe za damu humkamata na kummeza bila taabu, na ni nadra kwake kuleta ugonjwa mkali. Akiwa nalo, chembe hizo humgusa lakini hazipati pa kumshikia. Makundi ya ganda hilo yaliyokwisha kutambuliwa ni 100 au zaidi, yakitofautiana kwa aina na mpangilio wa sukari, na kingamwili inayolitambua kundi moja kwa kawaida huwapita wa kundi jingine kana kwamba hawapo.

Utambuzi wenyewe hauna akili ndani yake. Kingamwili ina umbo la herufi Y, imeundwa kwa minyororo miwili mizito na miwili myepesi, na ncha za mikono yake hutofautiana mno kati ya kingamwili moja na nyingine. Mwili hausubiri kumwona adui ndipo uchonge ncha inayomfaa: kila seli B, yaani chembe nyeupe ya damu inayotengeneza kingamwili, inapokomaa katika uboho wa mifupa huchanganya vipande vya jeni zake kwa namna ya bahati nasibu, jambo ambalo Susumu Tonegawa alilithibitisha mwaka 1976 na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1987. Kwa hiyo nimokokasi anapoingia, seli inayomfaa huwa imekwisha kuzaliwa, ila ziko chache, na ni lazima zigawanyike kwa siku kadhaa kabla ya kumwaga kingamwili za kutosha katika damu. Za kwanza huwa za aina ya IgM, yenye mikono kumi; kila mkono hushika kwa udhaifu, lakini kwa kuwa ganda hurudia sukari zilezile mara nyingi, mikono mingi ikishika pamoja bakteria haponyoki kwa urahisi.

Madaktari wa zamani, kabla ya kuwapo kwa dawa za antibayotiki, waliliona jambo hili kitandani bila kuhitaji maabara. Mgonjwa wa nimonia alichomeka kwa homa kwa takriban wiki moja, kisha, ikiwa hakufa, homa ilishuka ghafla kwa saa chache huku akitokwa na jasho jingi. Siku hizo ndizo ambazo kingamwili dhidi ya ganda huanza kuonekana kwa wingi katika damu.

Baada ya kushika, mkia wa ile Y hubaki nje, na neutrofili, chembe nyeupe za damu zinazomeza bakteria, zina vipokezi vinavyoukamata. Bakteria aliyekuwa akiteleza sasa ana mpini. Vilevile kingamwili huamsha protini za damu ziitwazo komplementi, ambazo humng'ang'ania na kuongeza mahali pa kumshikia. Komplementi huweza pia kutoboa utando wa baadhi ya bakteria, kama meningokokasi, lakini ukuta wa nimokokasi ni mnene mno kwa njia hiyo, hivyo hana budi kumezwa. Katika pepopunda hali ni nyingine kabisa, kwani hapo kingamwili huzuia sumu isifike kwenye neva, na bakteria mwenyewe haiguswi sana. Ugunduzi huo ulitangazwa na Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato mjini Berlin mwaka 1890. Nao bakteria hawakai kimya: nimokokasi hutoa kimeng'enya kinachoikata IgA, kingamwili ya puani na kooni, na stafilokokasi ana protini inayoishika kingamwili kwa mkia, kichwa chini, hila ambayo mimi huistaajabia kila ninapoifundisha.

Tatizo kubwa liko kwa watoto wachanga. Seli T, ambazo huzisaidia seli B kutengeneza kingamwili imara na kuweka kumbukumbu, husoma vipande vya protini wala si sukari tupu, na mtoto aliye chini ya miaka miwili hawezi kuitikia vyema sukari bila msaada huo. Suluhisho lilikuwa kuiunganisha, ndani ya chanjo, sukari ya ganda na protini, kwa mfano sumu ya dondakoo iliyoondolewa makali: seli B hushika sukari, humeza vyote viwili, kisha huionyesha seli T ile protini na kupata msaada wake. Kenya ilianza kutoa chanjo ya namna hiyo, yenye makundi 10, mwaka 2011, na huko Kilifi maambukizi makali ya makundi hayo kwa watoto wa chini ya miaka mitano yalipungua kwa zaidi ya asilimia 90.

Hata hivyo, bakteria aliyeshikwa anahitaji mahali pa kuchujwa kutoka kwenye damu, na mahali hapo hasa ni bandama. Mtoto mwenye selimundu hupoteza kazi ya bandama mapema, mara nyingi kabla ya kutimiza miaka mitano, ndiyo maana pamoja na chanjo hupewa penisilini kila siku: dawa inafanya sehemu ya kazi ambayo kingamwili, kwa kukosa kiungo hicho, haiwezi kuikamilisha.