Fimbo ya faibaglasi haiozi kwa sababu ya umri
Katika makundi ya wavuvi hupitishwa mara kwa mara ujumbe unaodai kwamba fimbo kuukuu ya faibaglasi, ile ya kuvulia kwa nzi bandia, huoza ndani na haina budi kutupwa. Si kweli. Nyuzi za kioo zilizoshikamanishwa kwa gundi ngumu haziozi, na fimbo za miaka ya 1950 na 1960 zilizotunzwa vizuri zingali zinavua. Kinachochakaa ni vya juu yake: vanishi hupasuka, uzi unaofunga pete za kupitishia mshipi hulegea, kiungio cha chuma hufubaa, na anayeyaona hayo hudhani kuwa fimbo yenyewe imekwisha.

Ili kuhakikisha, pitisha pamba polepole juu ya fimbo nzima. Ikinasa, huenda kuna nyuzi zilizokatika. Kisha ipinde kwa upole, ukisikiliza kama inatoa mlio wa kupasuka. Ikiwa nzima, badilisha uzi na upake vanishi mpya, lakini usiisugue kwa msasa mkali, kwani msasa hukata nyuzi zenyewe, na hilo ndilo huidhoofisha kweli. Tafadhali usiusambaze ujumbe huo, maana unaweza kusababisha fimbo iliyo nzima itupwe bure.