Rangi ya epoksi kwenye modeli: isubiri ikomae ndipo ushike msasa

Watengenezaji wa modeli za ndege na boti huipenda rangi ya epoksi kwa kuwa hushika sana na haibabuki hata ikimwagikiwa mafuta yenye methanoli ya injini ndogo. Malalamiko nayo yapo: msasa unaojaa haraka, mng'ao wenye ukungu, vidole vinavyowasha. Mara nyingi yote yana chanzo kimoja, nacho ni kazi kuanza kabla rangi haijakomaa.

Epoksi haikauki kwa tina kuruka peke yake. Resini na kigumishi huungana kikemikali, na muungano huo huendelea siku kadhaa baada ya rangi kuacha kunata. Bidhaa nyingi huhitaji takriban siku 7 kwenye joto la nyuzi 25 za Selsiasi, na penye baridi huchukua muda zaidi ya huo. Fuata maelekezo ya kopo, kisha hakikisha mwenyewe: bonyeza ukucha mahali pasipoonekana, alama ikibaki, subiri. Msasa nao husema. Rangi iliyokomaa hutoa unga mkavu, ambayo bado hutoa vinyuzi vinavyojiviringisha na kuganda kwenye karatasi. Wapo wanaozidisha kigumishi ili mambo yaende upesi. Hakisaidii kitu, kwani kile cha ziada hakipati resini ya kuungana nayo, na rangi hubaki laini.

Vumbi la rangi changa ndilo linalotutia wasiwasi zaidi. Kemikali ambazo hazijaungana zinaweza kuleta mzio wa ngozi, na mzio huo ukishaingia kwa kawaida hautoki: baadaye hata kiasi kidogo huamsha vipele. Vaa glavu za nitrili na barakoa ya FFP2 (inayochuja vumbi laini), na upige msasa kwa maji ili vumbi lisipeperuke. Rangi ikikugusa, nawa kwa sabuni. Usijifute kwa tina, maana huisaidia kupenya ngozi.

Kabla ya msasa, osha modeli. Vigumishi vya jamii ya amini vikikutana na unyevunyevu na kaboni dayoksaidi ya hewani vinaweza kuacha utando unaoteleza kama nta. Maji ya uvuguvugu na sponji huuondoa. Tina huusambaza tu. Ukiupitishia msasa bila kuosha, unausindilia kwenye mikwaruzo na koti (tabaka la rangi) linalofuata halitashika.

Kwa uso wenye vijishimo na mabonde madogo, anza na msasa wa P800 au P1000, kisha P1500, P2000 na, ukiwa nayo, P3000; namba ikipanda, msasa huwa laini zaidi. Badilisha mwelekeo kila unapobadilisha namba ili uione mikwaruzo ya hatua iliyopita. Herufi P, alama ya mfumo wa Ulaya, isikupite hivi hivi: P1200 inakaribiana na 600 ya mfumo wa Marekani, hivyo anayechanganya karatasi za mifumo miwili anaweza kudhani anasonga mbele kumbe anarudi nyuma. Zungushia msasa kwenye kipande cha raba, kwa sababu vidole vitupu huchimba mifereji. Kingo zifunike kwa tepu hadi mwisho. Hapo rangi ni nyembamba na huisha kwa mapito machache. Rangi ya metaliki usiiguse kabisa, piga msasa vanishi iliyo juu yake. Kwenye mbao za balsa tumia maji kidogo, kwani tundu dogo tu kwenye rangi linatosha kuifanya mbao ivimbe.

Kung'arisha ni kazi ya mkono, kitambaa laini na polishi isiyo na silikoni. Mashine yenye kasi huzalisha joto, na epoksi nyingi zilizokomaa bila kupashwa moto huanza kulainika kati ya nyuzi 50 na 60. Silikoni nayo italeta vishimo siku utakapotaka kupaka upya.

Modeli itakayokaa juani ina shida yake. Epoksi huwa ya manjano na kutoa chaki (unga mweupe juu yake) kwa mionzi ya jua, na ukiing'arisha chaki hurudi. Dawa ni koti la poliurethani lenye kinga ya mionzi, nalo lipakwe juu ya uso uliopigwa msasa na kufutwa vumbi, kabla ya polishi yoyote, kisha ung'arishe koti hilo badala ya epoksi.