Kava na Sampo: Ruhusa ya Moja Haifuniki Nyingine

Malalamiko ya nyimbo za hip-hop kuondolewa mitandaoni yamezidi, na mengi chanzo chake ni kimoja: msanii kapata ruhusa moja, kadhani kamaliza. Tunaamini wengi hawakukusudia kuiba. Maelezo haya ni ya sheria ya Marekani, zinakotoka nyingi ya nyimbo zinazokatwa vipande.

Wimbo uliorekodiwa una haki mbili: ya utunzi, na ya rekodi yenyewe, yaani masta. Kava, yaani kurudia wimbo wa mtu, hugusa utunzi tu, kwa kuwa unapiga na kuimba upya. Kifungu cha 115 cha sheria ya hakimiliki ya huko kinakuruhusu kurekodi kava ya wimbo ambao mwenyewe ameshautoa kwa umma, apende asipende, mradi ufuate utaratibu. Kwa CD na santuri, taarifa ya maandishi itolewe kwa mwenye utunzi kabla ya kutengeneza nakala au ndani ya siku 30 baada ya hapo, na kwa vyovyote kabla ya nakala ya kwanza kusambazwa. Ikichelewa, nafasi hiyo imepotea. Mrabaha, yaani malipo ya mwenye utunzi, wa kila mwezi hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, pamoja na hesabu. Mwaka 2023 kiwango kilikuwa senti 12 za dola kwa nakala, au senti 2.31 kwa dakika, ikichukuliwa iliyo kubwa. Majukwaa ya kusikiliza muziki hulipia utunzi kwa leseni ya jumla iliyoanza Januari 2021. Video haimo katika leseni hiyo.

Kuchana mistari yako juu ya biti ya mtu si kava. Tumelisema hili mara nyingi. Kifungu cha 115 hakiruhusu kubadili melodi ya msingi wala sura ya wimbo.

Sampo, yaani kipande cha rekodi ya mtu unachokiweka kwenye wimbo wako, hugusa haki zote mbili, na hapo mwenye mali ana hiari ya kukataa. Wengine hukwepa masta kwa kupiga upya kipande. Ndivyo ilivyokuwa kwa wimbo wa rap “Rapper's Delight” wa 1979: besi ya “Good Times” ya kundi la Chic ilipigwa upya studio, na bado watunzi wa “Good Times”, Nile Rodgers na Bernard Edwards, walidai hadi wakaandikwa watunzi.

Ile habari ya “sekunde saba hazina neno”, kwamba kipande kifupi hakihitaji ruhusa, haimo katika sheria. Mwaka 2005 mahakama moja ya rufaa ilikataa sampo ya gitaa ya sekunde 2. Mwaka 2016 nyingine ikaruhusu mlio wa sekunde 0.23. Msitoe albamu kwa kutegemea mgongano wa majaji. Kwa kazi iliyosajiliwa kwa wakati, fidia ni dola 750 hadi 30,000, na ikithibitika ni kusudi hufika 150,000. Kumtaja mwenye wimbo kwenye maelezo si ruhusa.

Barua ya maombi itaje rekodi, kipande kinaanzia na kuishia sekunde ya ngapi, na kinarudiwa mara ngapi. Ambatisha wimbo wako. Peleka kwa lebo na kwa msimamizi wa utunzi. Mmoja akikataa, toa kipande hicho kabla hujaachia wimbo.