Hatari inatoka nyuma: ufafanuzi kuhusu vifo kwenye mbio za pikipiki

Kila mwendeshaji anapopoteza maisha mashindanoni, barua zinazoingia ofisini kwetu hufanana. Kwa nini ukuta haukusogezwa? Kwa nini helmeti haikumsaidia? Kwa nini mbio hazikusimamishwa mapema? Mei 5, 2025, huko Oulton Park, Uingereza, waendeshaji 11 walianguka kwenye mzunguko wa kwanza wa mbio za Supersport (daraja la pikipiki zitokanazo na za barabarani) za nchi hiyo, na wawili kati yao, Owen Jenner na Shane Richardson, wakafariki. Maswali yale yale yakarudi, mengine yakiwa na matusi. Sisi tunaoshughulika na usalama wa njia za mbio tumeona ni wajibu wetu kutoa ufafanuzi huu. Hatutazungumzia kosa la mtu yeyote katika ajali hiyo; hilo ni la wachunguzi.

Tuanze na ukuta, maana ndio unaolaumiwa zaidi. Zamani lawama hiyo ilikuwa na haki yake. Mei 20, 1973, huko Monza, vyuma vya pembeni vilikuwa karibu na lami kiasi kwamba pikipiki iliyovigonga ilirudi katikati ya kundi. Jarno Saarinen na Renzo Pasolini walifia hapo. Mwaka uliofuata waendeshaji wakubwa waligoma kushindana Nürburgring kwa sababu ya ulinzi duni wa pembeni, na mwaka 1979 wakagoma tena Spa-Francorchamps kwa sababu ya lami mpya iliyoteleza. Daijiro Kato alipofariki Aprili 2003 baada ya kugonga kizuizi cha pembeni Suzuka, mbio za MotoGP, yaani ubingwa wa dunia wa mbio za pikipiki, ziliondoka katika njia hiyo na hazijarudi hadi leo. Kuta zimerudishwa nyuma, changarawe imemwagwa, uzio wa hewa (mito mikubwa iliyojazwa hewa) umewekwa mahali ambapo nafasi haitoshi. Kazi hiyo haijaisha, na kila sakiti (njia iliyojengwa kwa ajili ya mbio tu) ina kona yake inayotunyima usingizi, lakini sehemu kubwa imefanyika.

Sasa tazama baadhi ya waliofariki baada ya hapo. Shoya Tomizawa, Misano, Septemba 2010: alianguka na kugongwa na pikipiki mbili zilizokuwa nyuma yake. Marco Simoncelli, Sepang, Oktoba 2011: pikipiki yake haikutoka nje kama kawaida bali tairi zilishika tena lami, ikamvuta kukatiza njia mbele ya wenzake wawili. Andrea Antonelli, Moscow, Julai 2013, kwenye mvua: alianguka, akagongwa vilevile. Jason Dupasquier, miaka 19, Mugello, Mei 2021. Hugo Millán, miaka 14, Aragón, Julai 2021. Dean Berta Viñales, miaka 15, Jerez, Septemba 2021. Wote hao waligongwa na waliokuwa wakiwafuata. Anayetuandikia kutaka ukuta usogezwe mita 20 zaidi anatuomba dawa ya ugonjwa mwingine.

Yupo pia ambaye kila Juni hutuletea takwimu za vifo vya mbio za barabarani za kisiwa cha Isle of Man na kutuuliza kama hatuna aibu. Tunamwomba atofautishe mambo mawili. Njia ile ya mlimani ina urefu wa takribani kilomita 60.7, ni barabara za kawaida zenye nyumba, kuta za mawe na nguzo, na zaidi ya waendeshaji 260 wamekufa humo tangu 1911. Ilipoteza hadhi ya kuwa duru ya ubingwa wa dunia baada ya mwaka 1976, miaka minne baada ya kifo cha Gilberto Parlotti kumfanya bingwa wa dunia Giacomo Agostini akatae kushindana huko tena. Ila kule waendeshaji huondoka mmoja mmoja, wakiachana sekunde 10. Atakayekuua kule ni ukuta. Mwenzako yuko mbali. Kwenye sakiti ni kinyume chake: ukuta uko mbali na mwenzako yuko hapo hapo. Kuyachanganya haya mawili kwenye hoja moja hakumsaidii yeyote.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Kwa mwendo wa kilomita 200 kwa saa, pikipiki hula mita 55 kila sekunde. Ukiachana na aliye mbele yako kwa sehemu tatu za kumi za sekunde, nafasi kati yenu haifiki mita 17. Akianguka, ubongo wako haujamaliza kuelewa unachokiona na tayari umefika alipo. Hakuna mhudumu wa njia, hata awe hodari namna gani, anayeweza kuinua bendera ndani ya muda huo. Tunalisema wazi kwa sababu wengi wanaamini kwamba kila kifo ni bendera iliyochelewa.

Hatari hii ni kubwa zaidi kwenye madaraja madogo, jambo ambalo mashabiki hawapendi kulisikia. Pikipiki za Moto3, daraja dogo kabisa la ubingwa wa dunia, zina injini ya silinda moja ya sentimita za ujazo 250, nguvu zake zinakaribiana mno, na kwenye sehemu iliyonyooka anayefuata huvutwa na upepo wa aliye mbele. Matokeo yake waendeshaji 15 au 20 huingia kona moja kama siafu, wakibadilishana nafasi mara nne ndani ya mzunguko mmoja. Mtazamaji anashangilia. Sisi tunaangalia umbali kati ya tairi na tairi. Hao wanaosukumana hivyo ndio vijana zaidi na wenye uzoefu mdogo zaidi.

Ndiyo maana baada ya vifo vitatu ndani ya miezi minne ya mwaka 2021, Shirikisho la Kimataifa la Pikipiki (FIM) na waandaaji halikuanza na ukuta. Lilianza na umri na idadi. Kuanzia mwaka 2023 umri wa chini wa kushiriki ubingwa wa dunia ukawa miaka 18, ukiacha vighairi vichache vilivyoandikwa kwenye kanuni. Ngazi za chini nazo zikapandishiwa umri, na idadi ya pikipiki kwenye mstari wa kuanzia ikapunguzwa katika baadhi ya madaraja. Wazazi wengi wametuandikia kwamba tunaua vipaji. Mzazi mpendwa, kipaji cha mtoto wako hakitaoza kwa kusubiri miaka miwili. Tafadhali pia acha kuuliza kama cheti cha kuzaliwa kinaweza "kuangaliwa upya".

Sasa bendera. Bendera moja ya njano inayopepea maana yake kuna hatari pembeni mwa njia. Bendera mbili za njano zikipepea pamoja, hatari imeziba njia yote au sehemu yake, na mwendeshaji awe tayari hata kusimama. Kumpita mwingine ni marufuku kuanzia hapo hadi bendera ya kijani, si hadi pale unapohisi mambo yametulia. Bendera ya njano yenye mistari myekundu inaonya kwamba lami imepoteza mshiko kwa sababu nyingine isipokuwa mvua, kwa kawaida oili. Nyeupe yenye msalaba mwekundu wa mshazari ni matone ya mvua kwenye kipande hicho. Nyeusi yenye duara la rangi ya chungwa, ikiambatana na namba yako, maana yake pikipiki yako ina hitilafu inayohatarisha wewe au wengine: toka njiani mara moja, usitafute kumaliza mzunguko.

Bendera nyekundu inasimamisha kila kitu. Mwendeshaji anapunguza mwendo na kurudi kwenye njia ya gereji. Kwenye mbio za ubingwa wa dunia, asiyefika hapo na pikipiki yake ndani ya dakika tano, akiiendesha au akiisukuma, haingizwi kwenye matokeo. Kanuni hii huonekana ya kikatili, na tunaelewa. Lakini inazuia mambo mawili: mtu aliyekwisha kuanguka kudai nafasi aliyokuwa nayo, na pikipiki kubaki zikizunguka wakati gari la wagonjwa liko njiani.

Adhabu nazo zifahamike. Muda uliowekwa chini ya bendera ya njano kwenye mazoezi hufutwa. Kwenye mbio, aliyempita mwenzake chini ya bendera hiyo huamriwa kurudisha nafasi. Tangu 2019 ipo pia adhabu ya kuzunguka kona kwa njia ndefu iliyochorwa nje, ambayo humla mwendeshaji sekunde kadhaa bila kuhitaji kuingia gereji. Kwa uendeshaji wa kizembe jopo la waamuzi linaweza kumfungia mtu: Deniz Öncü alifungiwa mbio mbili mwaka 2021 baada ya kubadili mstari kwenye sehemu iliyonyooka huko Austin na kusababisha ajali ya watu watatu. Waliotuandikia kwamba adhabu ile ilikuwa kubwa mno kwa kuwa hakuna aliyeumia vibaya hawajaelewa adhabu hutolewa kwa ajili gani. Inapimwa kwa kitendo.

Kuhusu vifaa tutasema kwa ufupi. Mfuko wa hewa ndani ya suti ni lazima kwa madaraja yote ya MotoGP tangu 2018, na umeokoa mabega na mitulinga mingi. Helmeti tangu 2019 lazima ipitishwe na FIM yenyewe, kwa vipimo vinavyojumuisha mapigo ya mshazari yanayozungusha kichwa. Hatusemi kwamba vitu hivi havina maana. Hakuna atakayeruhusiwa kuanza bila hivyo. Tunachosema ni kwamba vimebuniwa kwa ajili ya mtu anayeanguka na kuteleza. Pikipiki yenye kilo zaidi ya 150 na mtu juu yake ni jambo jingine.

Lipo lalamiko moja linalotushinda kulijibu kwa upole: la mbio kuahirishwa au kufutwa. Agosti 2018 huko Silverstone maji yalituama kwenye lami mpya. Wakati wa mazoezi ya Jumamosi Tito Rabat alianguka, na akiwa kwenye changarawe, mahali ambapo wengi hudhani ni salama, pikipiki ya mwingine aliyeteleza pale pale ikamvunja paja. Siku iliyofuata mbio zote zilifutwa. Malalamiko ya tiketi yalikuwa mengi. Rudisheni fedha za watu, hilo ni haki yao. Lakini asiwepo wa kusema kwamba waendeshaji "waliogopa mvua".

Kwa wanaoshiriki siku za mazoezi ya wazi, ambako ajali hizi hutokea bila kamera, tunasisitiza yafuatayo. Injini ikizima au ukitaka kupunguza mwendo, inua mkono na ubaki kwenye mstari wako mpaka walio nyuma wakuone, ndipo utoke taratibu. Kukata kona ghafla kutafuta pembeni ni njia ya uhakika ya kugongwa. Ukianguka, usijaribu kusimama kabla mwili haujaacha kuteleza. Ukisimama, tazama kule pikipiki zinakotoka kabla ya hatua ya kwanza, kisha nenda nyuma ya kizuizi. Pikipiki iache. Watu hurudi kuifuata, kila msimu, na wahudumu wetu huhatarisha maisha kuwafuata wao. Na ukigonga kichwa, hata kama unajisikia vizuri, usirudi njiani siku hiyo mpaka daktari wa mbio aseme.

Mwisho, utaratibu wa malalamiko. Pingamizi rasmi linaweza kuletwa tu na mwendeshaji au timu iliyoathirika, kwa maandishi, pamoja na dhamana, na kwa kawaida ndani ya dakika 30 baada ya matokeo kutangazwa. Adhabu ya njia ndefu na ya kurudisha nafasi hazina rufaa. Mtazamaji hana haki ya pingamizi, hata awe na video. Anaweza kutuandikia, nasi tunasoma. Barua inayotaja kona, namba ya mzunguko na namba za pikipiki hupelekwa moja kwa moja kwa mkaguzi wa njia hiyo. Inayosema tu "mmeua tena" huwekwa kwenye faili.