Cheti cha NGO hakikusamehi kodi

Kila msimu wa ritani, yaani taarifa za mapato na kodi, unapofika, kaunta za huduma kwa mlipakodi hupokea hoja ileile kutoka kwa viongozi wa asasi: "Sisi ni NGO, hatufanyi biashara, tunadaiwaje kodi?" Mkononi wana cheti cha usajili. Hatuna sababu ya kutilia shaka nia yao. Visima wanachimba kweli na watoto yatima wanawasomesha kweli. Lakini cheti kile kinathibitisha jambo moja tu, kwamba asasi ipo kisheria. Kuhusu kodi hakisemi lolote.

Wala haijalishi kimetoka wapi. Kwa Tanzania Bara, ambayo ndiyo inayohusika na maelezo haya, asasi inaweza kusajiliwa na Msajili wa NGOs chini ya Sheria Na. 24 ya mwaka 2002, ikawa kampuni isiyo na hisa iliyosajiliwa na wakala wa usajili wa biashara, BRELA, ikawa na bodi ya wadhamini iliyosajiliwa na wakala wa usajili na udhamini, RITA, au ikawa jumuiya iliyo kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani. Mbele ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 zote ni taasisi, na taasisi ni mlipakodi mpaka ionyeshe vinginevyo. Angalieni pia tarehe ya cheti chenyewe: tangu marekebisho ya mwaka 2019, cheti cha NGO kina uhai wa miaka 10. Asasi inayoomba kutambuliwa kwa cheti kilichokwisha muda inajirudisha nyuma yenyewe.

Kinachobadilisha hesabu ni uamuzi wa Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) unaoitambua asasi kuwa taasisi ya hisani chini ya kifungu cha 64 cha sheria hiyo. Masharti ni mawili na yote lazima yatimie. Kwanza, asasi iwe ya umma kwa sura yake, yaani ya kuhudumia wananchi kwa jumla, na ianzishwe na kuendeshwa kwa shughuli zilizotajwa tu: kupunguza umaskini au dhiki ya wananchi, kuendeleza elimu, au kutoa huduma za jumla za afya, elimu, maji na ujenzi au matengenezo ya barabara. Pili, iwe na uamuzi huo kwa maandishi, nao uwe bado una nguvu. Asasi inayofanya kazi ya hisani kwa miaka mingi bila kuomba uamuzi haina hadhi ya hisani kikodi, hata kama mkoa mzima unaijua kwa wema wake. Hili ndilo linalokataliwa zaidi kaunta, na ndilo lisilo na mjadala.

Maombi ni barua kwa Kamishna Mkuu, yenye namba ya mlipakodi (TIN) ya asasi yenyewe. TIN ya mwenyekiti au ya mhasibu haifai. Ambatanisheni cheti cha usajili, katiba, orodha ya viongozi, taarifa za shughuli zilizofanyika, hesabu zilizokaguliwa kama asasi imekwisha kuanza kazi, na mikataba ya wafadhili. Maombi mengi hukwama kwenye katiba. Katiba ikiorodhesha malengo kumi na moja ndani yake "kukopesha wanachama" au "kufanya biashara yoyote halali", neno "tu" lililo kwenye sheria limekwisha kuvunjwa. Katiba isiyosema mali zitakwenda wapi asasi ikivunjwa nayo italeta maswali, na ile inayosema zigawiwe wanachama italeta jibu la hapana. Rekebisheni katiba kwa msajili wenu kwanza, ndipo muandike barua.

Elezeni kila kitu katika barua hiyo, hata hosteli mnayoipangisha. Uamuzi unaifunga Mamlaka ikiwa tu mwombaji alitoa taarifa kamili na za kweli. Kilichofichwa kikija kuonekana wakati wa ukaguzi, ulinzi wenu unaondoka.

Sasa lielezwe wazi ambalo hata baadhi ya wahasibu hulikosea: uamuzi ukishatoka, asasi haiwi nje ya kodi ya mapato. Inakokotolewa kwa namna yake. Misaada na michango yote huingizwa kwenye mapato. Kisha hutolewa kiasi kilichotumika kwa kazi ya hisani, na hutolewa tena asilimia 25 ya mapato kama akiba inayoruhusiwa. Tuchukue mfano rahisi: asasi imepokea shilingi 80,000,000 na kutumia 50,000,000 kwa walengwa. Akiba inayoruhusiwa ni 20,000,000. Zinabaki 10,000,000, nazo hutozwa asilimia 30, yaani shilingi 3,000,000. Fedha hazikuibwa na wala hazikutumika vibaya. Zimekaa tu benki kupita kiwango. Kama mnadunduliza kwa ajili ya kujenga zahanati, sheria inaruhusu kuomba kwa maandishi kuvuka kiwango hicho, mradi muueleze mradi kwa kina: mahali, gharama, ramani, muda. "Kwa ajili ya maendeleo ya baadaye" si maelezo ya mradi.

Matumizi nayo yanahitaji ushahidi. Chakula cha semina, mafuta ya gari, vifaa vya ujenzi, vyote viwe na risiti ya mashine ya kielektroniki ya kodi (EFD) yenye jina na TIN ya asasi. Kipande cha karatasi chenye muhuri wa duka hakitoshi, na tunaomba msisubiri ukaguzi ndipo mrudi kwa muuzaji kutafuta risiti ya mwaka juzi. Biashara isiyo sehemu ya kazi ya hisani, kama mgahawa au karakana ya magari, iwe na vitabu vyake, maana mapato yake hukokotolewa peke yake.

PAYE, yaani kodi inayokatwa kwenye mishahara, ndiyo inayoziumiza asasi kuliko kodi nyingine yoyote, na uamuzi wa hisani hauigusi hata kidogo. Kodi hii ni ya mfanyakazi, asasi imepewa tu jukumu la kuikata na kuiwasilisha ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Kwa jedwali lililoanza Julai 2021, kipato kisichozidi 270,000 kwa mwezi hakitozwi. Kinachozidi hapo hadi 520,000 hutozwa asilimia 8. Hadi 760,000 ni shilingi 20,000 pamoja na asilimia 20 ya kinachozidi 520,000. Hadi 1,000,000 ni 68,000 pamoja na asilimia 25 ya kinachozidi 760,000. Juu ya hapo ni 128,000 pamoja na asilimia 30 ya kinachozidi 1,000,000.

Kosa lenyewe hukaa kwenye posho. Mratibu wa mradi ana mshahara wa 800,000 na posho ya nyumba na mawasiliano ya 400,000 kila mwezi. Asasi inakata kodi kwenye mshahara pekee: 800,000 ukitoa mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii (NSSF) wa asilimia 10 zinabaki 720,000, PAYE 60,000. Hesabu sahihi inaanzia 1,200,000, maana posho isiyo marejesho ya gharama halisi za kazi ni kipato cha ajira. Ukitoa NSSF zinabaki 1,080,000, PAYE 152,000. Tofauti ni 92,000 kwa mwezi. Mkaguzi akirudi nyuma miaka mitatu, mtu mmoja tu amezalisha deni la 3,312,000 kabla ya riba. Kuandika "mtu wa kujitolea" kwenye mkataba hakubadilishi kitu ikiwa mtu huyo analipwa kila mwisho wa mwezi na anapangiwa kazi. Na mhasibu wa muda ambaye ajira yake kuu ipo kwingine hakatwi kwa jedwali hilo. Ajira yake ya pili hukatwa asilimia 30 moja kwa moja.

Kodi ya zuio, ambayo mlipaji huikata kwenye malipo kabla ya kumpa mpokeaji, inafuata mantiki hiyohiyo. Asasi inapolipa pango, inazuia asilimia 10. Inapomlipa mshauri mwelekezi, mwanasheria au mkaguzi wa hesabu aliye mkazi, inazuia asilimia 5, na kwa mtoa huduma asiye mkazi asilimia 15. Ofisi ya 500,000 kwa mwezi ikilipiwa miezi sita ni 3,000,000: mwenye nyumba apewe 2,700,000 na cheti cha zuio, 300,000 ziende Serikalini kwa muda uleule wa siku 7. Tunafahamu vizuri kinachotokea mtaani. Mwenye nyumba anasema kodi si yake, anataka zake zote, na asasi inaogopa kukosa ofisi. Lakini asiyezuia hulipa yeye kile alichopaswa kuzuia. Sheria inawaruhusu kumdai mpokeaji baadaye, jambo ambalo kwa mwenye nyumba aliyekwisha kula fedha zake ni gumu, na wafadhili wengi hawakubali kodi ya namna hiyo iingizwe kwenye matumizi ya mradi. Dawa yake ni kipengele cha zuio ndani ya mkataba wa pango, kiandikwe kabla ya kusaini. Mkataba huohuo unatakiwa kulipiwa ushuru wa stempu.

Wapo wanaoleta mkataba wa mfadhili uliosema "fedha hizi zisitumike kulipa kodi". Mkataba kati ya asasi na mfadhili wake haufuti sheria ya Bunge. Tena, PAYE na zuio hazitoki kwenye fungu la mfadhili. Ni sehemu ya mshahara wa mfanyakazi na ya malipo ya mwenye nyumba.

Kodi ya ongezeko la thamani (VAT) na ushuru wa forodha havimo kabisa katika uamuzi wa hisani. Misamaha yake ina njia zake, na ile ya forodha hutazamwa kwa Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, Jedwali la Tano. Ombeni kabla mzigo haujapakiwa. Kontena la vitanda vya hospitali likiwa limeshushwa bandarini Dar es Salaam, gharama za hifadhi huhesabiwa kila siku huku barua zenu zikiwa bado zinasomwa.

Ritani huwasilishwa hata mwaka ambao hakuna shilingi iliyoingia. Kwa asasi ambayo mwaka wake wa hesabu unaishia Desemba, makadirio huwasilishwa kufikia 31 Machi, na kama kuna kodi inayokadiriwa hulipwa kwa awamu nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Ritani ya mwisho, pamoja na hesabu zilizothibitishwa na mhasibu aliyesajiliwa, hutakiwa kufikia 30 Juni ya mwaka unaofuata. Kuchelewa kuna adhabu kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi: asilimia 2.5 ya kodi ambayo haijalipwa, au pointi 15 za sarafu (kipimo cha kisheria cha kukokotolea adhabu) kwa taasisi, kipi kilicho kikubwa. Thamani ya pointi imo kwenye Sheria ya Usimamizi wa Kodi, na Bunge huweza kuibadilisha kupitia Sheria ya Fedha. Maana yake kwa lugha nyepesi: asasi isiyodaiwa hata senti moja ya kodi inaweza kudaiwa adhabu ya miezi kumi na minane kwa kutojaza fomu ambayo ingejaa sifuri. Kodi iliyochelewa ina riba juu yake, nayo hujumlishwa kila mwezi.

Mkipokea kutoka TRA makadirio ya kodi msiyokubaliana nayo, msiandike barua ya masikitiko kwa mkuu wa wilaya. Wasilisheni pingamizi kwa Kamishna Mkuu ndani ya siku 30 tangu kupokea uamuzi wa kodi. Pamoja na pingamizi mnatakiwa kulipa kiasi cha kodi msichobishania au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kipi kilicho kikubwa. Bila malipo hayo pingamizi halipokelewi, hata liwe na hoja nzuri kiasi gani. Asasi isiyo na uwezo huo inaweza kuomba kupunguziwa au kuondolewa malipo hayo ya amana, kwa maandishi na sababu zenye vielelezo, na iombe mapema bila kungoja siku za mwisho. Pingamizi litaje namba ya makadirio, mwaka, kodi inayobishaniwa na sababu moja baada ya nyingine, kila sababu na kielelezo chake: orodha za malipo, taarifa za benki, mikataba, risiti. Hoja ya kwamba asasi ni ya hisani iambatane na nakala ya uamuzi wa Kamishna Mkuu uliokuwa na nguvu katika mwaka unaobishaniwa. Uamuzi wa mwaka huu haujibu deni la mwaka juzi.