Alihesabiwa haki lini?

Kila muhula ninapofundisha Waraka kwa Warumi, swali ni lile lile: kama mtu huhesabiwa haki, yaani hukubaliwa na Mungu kuwa mwenye haki, kwa imani pasipo matendo ya sheria, kama Paulo anavyoandika humo, Ibrahimu tumweke wapi? Huyu alitahiriwa uzeeni, akawa tayari hata kumtoa mwanawe sadaka. Nani mwenye matendo kumshinda?

Huwa sijibu. Nawaambia wanafunzi waweke kidole kimoja Mwanzo 15 na kingine Mwanzo 17, kisha wahesabu miaka.

Katika 15:6 Abramu, kama Ibrahimu alivyoitwa kwanza, anamwamini Mungu, na imani hiyo inahesabiwa kwake kuwa haki. Hana mtoto bado. Ishmaeli anazaliwa katika sura ya 16, baba ana miaka 86. Tohara inakuja katika sura ya 17, ana miaka 99. Basi kwa miaka isiyopungua 13 Ibrahimu aliishi amehesabiwa haki, na mwilini hana alama yoyote. Ndiyo maana Paulo, katika Warumi 4:10, anauliza alihesabiwa katika hali gani: alipokwisha kutahiriwa, au kabla? Hoja yake nzima inasimama juu ya “kabla” hiyo. Katika waraka wake kwa Wagalatia anaisogeza mbele zaidi: torati yenyewe, sheria ya Musa, ilikuja miaka 430 baada ya ahadi.

Mwanafunzi makini hunikumbusha kwamba katika sura ya 12 Abramu alikwisha kutii na kutoka Harani. Kweli kabisa. Lakini neno “haki” halikuandikwa pale. Limeandikwa usiku ule alipotolewa nje na kuambiwa azihesabu nyota kama anaweza, mzee asiye na mtoto, ambaye hakuwa na la kufanya ila kusadiki. Hapo napenda Kiswahili chetu: yeye anashindwa kuhesabu, kisha anahesabiwa.

Kitenzi cha Paulo cha Kigiriki, logizomai, yaani “kuhesabu”, kilitumika pia kwenye mambo ya hesabu za fedha, na katika 4:4 anakishika kwa maana hiyo. Kibarua akilipwa jioni, hakuna anayesema amepewa zawadi. Ni deni limelipwa. Anayehesabiwa haki kwa imani hana deni la kumdai Mungu. Mstari wa 5 unasema Mungu humpa haki asiyekuwa na haki. Nimeusoma mara nyingi mno, na bado hunisimamisha.

Yakobo, katika waraka wake, anasema mtu huhesabiwa haki kwa matendo, si kwa imani peke yake. Ila anayemkemea ni mtu anayemwambia ndugu aliye uchi na mwenye njaa aende kwa amani akaote moto, asimpe kitu. Hiyo siyo imani ya usiku wa nyota.

Wengi hudhani fundisho hili lilizaliwa kwa Martin Luther, mwanamatengenezo wa kanisa wa karne ya 16. Paulo anakwisha kulisema katika Wagalatia 2, na analisema kwa sababu ya chakula. Huko Antiokia Petro alikuwa akila na watu wa Mataifa, wasio Wayahudi na wasiotahiriwa. Walipofika watu kutoka kwa Yakobo, akajitenga, akiwaogopa waliotahiriwa, yaani Wayahudi. Paulo akampinga mbele ya wote. Kwa kipimo cha waliojitenga, Ibrahimu wa sura ya 15, ambaye hajatahiriwa, naye asingeketi kwenye meza ile.